Naomba ushauri: Etherscan inaonyesha hela imeingia, waleti ya simu haioni kitu

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Bro yuko Oman kanitumia USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata dola) kwa mtandao wa Ethereum, nikiweka hashi ya muamala (namba yake ya utambulisho) kwenye Etherscan (tovuti ya kuangalia miamala ya Ethereum) inaonyesha imepita na konfemesheni (uthibitisho wa mtandao) zinazidi kuongezeka, ila waleti ya kwenye simu haisomi kitu, halafu nikifungua kwenye laptop anwani ile ile salio lipo! Bloku (mafungu ya miamala) za Ethereum zinatoka kila sekunde 12, na muamala kukamilika kabisa ni kama dakika 13 hivi, hizo zimeshapita kitambo. Kuna mtu kaniambia waleti haisomi cheni (blockchain) yenyewe, inauliza nodi (kompyuta ya mtandao huo) ya watu na nodi inaweza kubaki nyuma, ni kweli? Nibadilishe RPC (anwani ya nodi ambayo waleti inaiuliza) au nisubiri tu? Na nikituma kupitia laptop saa hii kuna shida? Ni ada ya mtoto hii jamani.