MREJESHO: Ile riwaya ya mwalimu aliyekwama kwenye mji wa migodi

Wakuu, niliwaulizia riwaya moja: mwalimu anakwenda likizo, analala usiku mmoja tu kwenye mji wa porini, na huko anaharibika kabisa. Mdau aliyetaja Wake in Fright ya Kenneth Cook, Mwaustralia, ya mwaka 1961, ndiyo yenyewe. Nakala nimeipata kwa muuza vitabu vya mtumba huku Posta, jalada limechakaa ila kurasa zote zipo.

Mwalimu mwenyewe, John Grant, anaelekea Sydney. Anashukia Bundanyabba, ndio huo mji wa migodi, jua kali, vumbi, bia kila kona. Anacheza kamari ya kurusha sarafu mbili hewani, anashinda, halafu tamaa inamwambia akiongeza kidogo tu ataachana na ualimu wa kijijini. Anaondoka mikono mitupu.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba hakuna anayemfanyia ubaya. Hilo ndilo linalotisha. Wenyeji wakarimu kupita kiasi, wanamnunulia bia, ukikataa ndiyo umewatukana. Glasi kwa glasi anajikuta usiku porini akiua kangaruu pamoja nao, yule msomi aliyekuwa akiwadharau. (Na dharau yake ilinikera tangu mwanzo, sitaki kudanganya.)

Wale mliosema mji ndio mbaya, mimi nabisha. Mji ulimpa nafasi tu, mengine alikuja nayo.

Filamu yake ya 1971 bado sijaiona. Aliye na nakala hapa Dar aniambie, kitabu nitamwazima.