Mrejesho: jiko na frigo za Minecraft zimekubali

Aksanti sana kwa wote mlionijibu. Niliuliza namna ya kujenga jiko na frigo zinazofanya kazi kweli katika nyumba ya Minecraft (mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloku) tunayojenga na mdogo wangu hapa Bukavu.

Yaya aliyeshauri smoka (tanuru la kupika chakula tu) badala ya tanuru la kawaida alisema kweli: chakula kinaiva kwa sekunde 5, tanuru linataka 10. Hopa (faneli inayopitisha vitu) ya juu inaingiza samaki wabichi (mdogo wangu anawaita sambaza), ya ubavuni inaleta makaa, ya chini inapokea walioiva. Kipande kimoja cha makaa kinapika samaki 8. Lakini kilichonifurahisha kupita vyote ni swichi! Ni leva inayogusa hopa ya juu. Ukiiwasha, hopa inajifunga na samaki hawashuki tena. Ukiizima, upishi unaendelea.

Frigo ni nyepesi kujenga: dropa (sanduku linalotoa kitu kimoja ukibonyeza kitufe) yenye vyakula, bloku ya chuma juu yake, kitufe kwenye hiyo bloku. Dropa inachagua yenyewe kati ya nafasi zake 9, kwa hiyo anayetaka mkate tu aweke mkate mtupu.

Sasa tunaanza mashine ya kufua. Sufuria la maji linaondoa rangi kwenye nguo za ngozi. Mwenye njia ya kulijaza lenyewe atuelekeze.