Naomba ushauri: Je, kikundi chetu kikubali mbegu za pamba zilizobadilishwa vinasaba?

KatibuWaKikundi:
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wadogo wa pamba ambacho kimetakiwa kuamua kama msimu ujao kitapanda mbegu zilizobadilishwa vinasaba kwa ajili ya kumdhibiti funza wa vitumba, yaani kiwavi anayekula matunda machanga ya pamba. Wanachama wamegawanyika: wapo wanaosema mbegu hizo ni sumu, na wapo wanaotarajia kwamba gharama za viuatilifu zitakwisha kabisa. Naomba wenye elimu au uzoefu wanieleze waliotutangulia walipata nini, na tuulize nini kabla ya kutia saini.

BwanaShamba_Mstaafu:
Ndugu Katibu, wote hao wametia chumvi. Jeni (chembe ya urithi) inayopachikwa katika pamba hiyo, iitwayo pamba ya Bt, hutoka kwa Bacillus thuringiensis, bakteria wa udongoni anayetengeneza protini inayoharibu utumbo wa viwavi wa baadhi ya nondo. Protini hiyo haiwadhuru vidukari wala nzi weupe, ambao nao hushambulia pamba, kwa hiyo anayewaahidi kwamba bomba la kupulizia litawekwa stoo moja kwa moja anawapoteza.

Someni sana habari ya India. Pamba ya Bt iliruhusiwa huko mwaka 2002, na katika muda wa miaka kumi na kitu tu ilikuwa imechukua zaidi ya asilimia 90 ya eneo la zao hilo. Mwanzoni upuliziaji dhidi ya funza wa vitumba ulipungua kwelikweli, lakini mwaka 2010 ikatangazwa kwamba funza wa pinki, mmoja wa funza wa vitumba, katika jimbo la Gujarat amejenga usugu dhidi ya protini hiyo, na baadaye usugu huo ukaenea hata kwa mbegu zenye jeni mbili za Bt. Sababu mojawapo ni kwamba wakulima walitakiwa kupanda kando ya shamba mistari ya pamba ya kawaida, ambamo funza wasio sugu wangeishi, wakawa nondo na kupandana na wale wachache walio sugu ili usugu usishike kizazi kizima. Wengi hawakuipanda. Naelewa kwa nini: ni vigumu kumwambia mwenye shamba dogo aache sehemu iliwe na wadudu kwa faida ya kijiji kizima.

Mchambua_Pamba:
Niongeze jambo ambalo wauza mbegu hawalisemi. Burkina Faso ilianza kulima pamba ya Bt kibiashara mwaka 2008, wakulima wakapunguza kupulizia na mavuno yakawa mazuri. Hata hivyo, nyuzi zilitoka fupi kuliko zile zilizoipatia pamba ya nchi hiyo sifa sokoni, na kiasi cha nyuzi kilichopatikana kiwandani kikashuka, hadi makampuni ya pamba yakaamua kuachana na mbegu hizo mwaka 2016. Jeni ilimzuia funza kama ilivyotarajiwa. Kilichopotea ni ubora wa aina ya pamba iliyobeba jeni hiyo. Swali lenu la kwanza, basi, liwe hili: jeni imeingizwa katika aina gani ya pamba, na mnunuzi wenu ameshazipima nyuzi zake?

MamaMbegu:
Na la pili: je, mbegu hiyo ni chotara, yaani ya kupandanisha aina mbili, ambayo ukiipanda tena haitoi zao lilelile? Pamba ya Bt ya India karibu yote ni chotara, hivyo mkulima hununua mbegu upya kila msimu, mara nyingi kwa mkopo, na mvua ikikosa deni linabaki palepale. Sivyo ilivyo kwa biringanya ya Bt ya Bangladesh, iliyoidhinishwa mwaka 2013: aina zake zilitolewa na taasisi ya utafiti ya serikali, si chotara, na mkulima anaweza kujiwekea mbegu. Teknolojia ni ileile, masharti tofauti kabisa.

KatibuWaKikundi:
Nawashukuru sana. Na hoja ya sumu niijibu vipi? Mashudu ya mbegu za pamba tunalisha mifugo.

BwanaShamba_Mstaafu:
Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba vyakula vya aina hii vilivyoko katika soko la kimataifa vimepita tathmini ya usalama na havielekei kuleta hatari kwa afya ya binadamu. Protini ya Bt inahitaji utumbo wenye hali ya alikali na vipokezi maalumu (mahali protini hiyo inapojishikiza), vitu alivyonavyo kiwavi, si ng'ombe. Gosipoli, sumu ya asili iliyomo katika mbegu ya pamba, imo katika pamba ya Bt na ya kawaida pia, kwa hiyo tahadhari mnayochukua sasa katika kulisha mashudu iendelee vilevile.

Mkikubali, kubalianeni kwa maandishi ni nani atakayepanda pamba ya kawaida na kikundi kitamfidia vipi. Wachagueni pia watu wa kupasua vitumba kila wiki tangu vinapoanza kufunga. Wakikuta funza hai wamekua ndani ya vitumba vya Bt, afisa ugani aarifiwe mara moja, bila kusubiri mavuno.