Pumba zinagoma kushuka kwenye hopa, nifunge vaibreta gani?

Wakuu habari zenu. Nina kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo, Morogoro. Hopa (tangi la bati lenye umbo la faneli) ya pumba za mahindi inabeba kama tani 3, bati la milimita 3. Mahindi yaliyoparazwa yanateremka bila shida. Kazi iko kwenye pumba, hasa masika zikivuta unyevu: zinajishikiza juu ya mdomo, chini panabaki uwazi, skrubu ya kusukuma pumba inazunguka bure. Vijana wamegonga kwa nyundo hadi bati limejaa mabonde, na sasa pumba zinanasa humo humo.

Nimeonyeshwa vaibreta (kifaa cha kutikisa hopa) ya mota ya umeme, ile ya mizunguko kama 3,000 kwa dakika, na ya upepo wa kompresa. Kompresa ninayo ila ndogo. Vumbi la pumba linashika moto, ndiyo maana navutiwa na ya upepo.

Fundi anataka nichomelee chaneli (chuma cha kuimarisha) kwanza bati lisipasuke, na vaibreta iwake mlango wa hopa ukiwa wazi tu, la sivyo itazishindilia. Hapo namwelewa. Je, kwa bati hili nichukue yenye nguvu kiasi gani, na niifunge usawa gani? Au niachane nazo, nipanue mdomo?