Kitambaa gani kinafaa kwa mahema ya Kilimanjaro?

Mtembezi wa Machame
Ndugu wanajukwaa, ninaendesha shughuli ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na mara chache huwalaza porini Serengeti. Mahema yangu, ambayo niliyanunua yakiwa yamekwisha kutumika, sasa yananata upande wa ndani na kutoa harufu mbaya, na mwezi uliopita mgeni mmoja aliamka kambini Shira godoro lake likiwa limelowa. Fundi wa hapa mjini amekubali kunishonea mapya, ila anataka nimpelekee kitambaa mwenyewe. Je, nichukue nailoni, poliesta au turubai la pamba?

Fundi Turubai
Kunata huko ni mpako wa poliuretani, yaani plastiki ya kuzuia maji, unaooza, kwa sababu unyevu na joto huuvunja polepole, hasa hema linapokunjwa likiwa bichi na kutupwa stoo hadi safari nyingine. Hakuna dawa ya kuurudisha.

Turubai la pamba lipeleke Serengeti, ambako gari ndilo linalobeba. Linapitisha hewa, halichomi mchana kama plastiki, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba matundu. Ndiyo maana hema jipya la turubai hulowanishwa na kukaushwa kabla ya safari ya kwanza. Mlimani halifai. Turubai la kawaida lina gramu 300 au zaidi kwa mita ya mraba, kwa hiyo hema lenye mita 15 za mraba za kitambaa lina kilo 4.5 kabla ya nguzo na zipu, tena likiwa kavu, ilhali mzigo wa mpagazi mlimani una kikomo cha kilo 20.

Mpagazi wa Zamani
Naafiki kuhusu turubai. Kati ya hivyo viwili vingine, mimi ningechagua poliesta kwa kifuniko cha juu, ingawa wauzaji wengi husifia nailoni kwa wepesi na uimara wake. Nailoni hunywa maji na kurefuka, hivyo hema ulilolikaza vizuri jioni hulegea usiku, na kifuniko kikigusa hema la ndani, maji hupenya. Isitoshe, jua la kambi ya Barafu, kwenye zaidi ya mita 4,600, huila nailoni haraka kuliko poliesta. Tafuta kitambaa chenye miraba ya nyuzi nene, ile inayozuia tundu dogo lisiwe mpasuko.

Hata hivyo, huenda maji ya Shira hayakuvuja hata kidogo. Watu wawili wakilala usiku kucha huku wamefunga kila zipu, pumzi yao hugeuka matone kwenye kitambaa cha baridi. Uliza kama mvua ilinyesha usiku ule.

Mtembezi wa Machame
Nimemuuliza kiongozi wa safari, naye anasema haikunyesha. Nimeaibika kidogo. Basi sasa nizingatie kipimo gani cha kuzuia maji, na mishono je?

Fundi Turubai
Kipimo ni kimo cha maji ambacho kitambaa hukihimili kabla ya kuvuja: kwa kifuniko, milimita 2,000 hadi 3,000 zinatosha. Sakafu iwe 5,000 au zaidi, kwa kuwa goti la mtu aliyepiga magoti husukuma maji kwa nguvu kuliko mvua. Hema la ndani lisiwe na mpako wowote, na mwagize fundi aweke dirisha la hewa juu, pande mbili, lenye kikofia cha kuzuia mvua.

Mishono inategemea mpako. Wa poliuretani hukubali utepe wa kubandika kwa joto. Kitambaa chenye silikoni pande zote mbili hudumu zaidi kwenye unyevu, lakini utepe huo haushiki, hivyo kila mshono upakwe gundi ya silikoni. Uzi uwe wa poliesta, kamwe usiwe wa pamba, na sindano iwe nyembamba.

Kabla ya kununua jora zima, nunua mita moja, ifanye mfuko, ujaze maji, kisha uukamue kwa mikono. Mwenye duka akikataa, nenda duka jingine.