Serikali iwalipe wazazi wenye watoto wachanga?

Muulizaji: Wakuu, Uganda ikiamua kuwapa wazazi ruzuku ya watoto, ianzie wapi?

Jibu 1: Ianzie kwenye usajili. Tazama ruzuku ya wazee, SAGE: shilingi 25,000 kwa mwezi kwa waliofikisha miaka 80. Wapo bibi wanaokosa haki yao kwa sababu tu kitambulisho cha taifa kimewaandika wadogo kuliko umri wao. Mtoto asiyesajiliwa NIRA, mamlaka ya taifa ya usajili na vitambulisho, atakwama vivyo hivyo. Na ile karatasi ya hospitali si cheti cha kuzaliwa. Ni taarifa tu, lazima mzazi aipeleke akasajili.

Jibu 2: Ndugu, usajili sawa, lakini nani analipa? Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, baba siku 4. Mzigo wote ni wa mwajiri, ndiyo maana wengine wanakwepa kuajiri wasichana. Muuza nyanya wa soko la Owino, Kampala, yeye hapati hata senti. Uundwe mfuko wa pamoja, na asiye na mwajiri achangie kidogo kidogo kwa simu.

Jibu 3: Naunga mkono mfuko. Ila pesa zitumwe kwenye laini ya mama mwenyewe.