Shahada ya miaka minne kwa mshahara mdogo: hesabu inakaaje?

MpimaNjia ameuliza:

Wakuu, naomba tusaidiane hesabu, hamasa tumeshazisikia. Kijana amemaliza sekondari na amepata nafasi ya chuo, kozi ya miaka minne. Wahitimu wa kozi hiyo wanaanza na mshahara mdogo, si mbali sana na wa mtu aliyeingia kazini moja kwa moja. Wengine wanamwambia elimu haina bei, wengine wanamwambia chuo ni kupoteza muda, na hakuna anayeweka namba mezani.

Ninachotaka kujua: gharama ipi inahesabiwa na ipi isihesabiwe? Pengo la mshahara liwe kiasi gani ndipo fedha irudi? Na akisoma kwa mkopo, hesabu inageukaje?

MizaniSawa amejibu:

Mkuu, weka sarafu pembeni kwanza ili hesabu imfae mtu yeyote. Chukua mshahara wa mkononi wa mwaka mzima wa mtu asiye na shahada, uuite 100. Kila kitu kingine kipime kwa hiyo 100.

Gharama ya kwanza ni karo, vitabu, ada za mitihani na vifaa. Tuseme 60 kwa mwaka. Chakula na malazi usiviingize vyote, maana mtu angekula hata asiposoma. Ingiza ziada tu, kwa mfano kodi ya chumba karibu na chuo wakati angeweza kukaa nyumbani. Wengi hukosea hapa, wakajumlisha matumizi yote ya maisha na kupata gharama ya kutisha isiyo ya kweli.

Gharama ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo inayosahaulika: mshahara anaouacha. Kila mwaka anaacha 100. Toa anachoweza kupata kwa vibarua vya likizo, tuseme 15, inabaki 85. Ukijumlisha na ile 60, mwaka mmoja wa chuo unagharimu 145, na miaka minne 580. Karo ndani yake ni 240 tu. Ndiyo maana chuo cha karo ya bure bado kina gharama.

Ila iangalie vizuri hiyo 100. Kama asiye na shahada hupata kazi miezi 8 tu kati ya 12, anachokiacha kijana ni kama 67. Penye uhaba mkubwa wa ajira kwa vijana, kukaa darasani kunagharimu kidogo kuliko inavyoonekana. Kanuni hiyohiyo itumie upande wa pili: kama wahitimu wa kozi hiyo husota mwaka mzima kabla ya kazi ya kwanza, huo ni mwaka wa tano wa gharama.

Sasa mapato. Tuseme mhitimu anapata 150, pengo ni 50 kwa mwaka. Ukigawa 580 kwa 50 unapata karibu miaka 12 ya kurudisha fedha. Wengi huishia hapo, na hapo hawajafika, kwa sababu 50 ya miaka 30 ijayo haina thamani ya 50 ya leo. Tumia riba ya punguzo, yaani asilimia inayoshusha thamani ya fedha kwa kila mwaka wa kusubiri, tuseme 5% juu ya mfumuko wa bei. Kwenye Excel andika =PV(0.05,40,-50), utapata 858. Hiyo ndiyo thamani ya pengo la miaka 40 ya kazi, ikipimwa siku ya kuhitimu. Kisha andika =FV(0.05,4,-145), utapata 625, gharama zote zikipimwa siku hiyohiyo. Faida ni 233.

Ukitumia 8% badala ya 5%, pengo lilelile linashuka hadi 596 na gharama inapanda hadi 653. Hapo ni hasara. Kozi hii inazaa kati ya 7% na 7.5% kwa mwaka, si zaidi. Kwa riba ya 5%, pengo la chini kabisa linaloweza kurudisha fedha ni 36 au 37. Mhitimu anayeanza na 120 na kubaki hapo miaka yote hairudishi.

Neno "kubaki hapo" ndilo la kuchunguza. Katika fani nyingi pengo hupanuka kadiri umri unavyosogea, kwa sababu mwenye shahada hupanda madaraja ambayo mwenzake amefungiwa. Kozi za teknolojia mara nyingi huenda kinyume: zinaanza na pengo pana, kisha linasinyaa kadiri kilichofundishwa darasani kinavyopitwa na wakati. Kwa hiyo mshahara wa kuanzia peke yake ni kipimo kibovu. Tafuta wa mwaka wa 5 na wa 10.

KalamuNyekundu amejibu:

Hesabu ya MizaniSawa ni safi, ila imechukulia kwamba kila anayeingia anamaliza, tena kwa wakati. Hapo ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea.

Chukua namba zilezile, riba 5%. Akirudia mwaka mmoja, gharama inafika 801 na mapato ya miaka 39 iliyobaki ni 851. Faida ya 233 imebaki 50. Sapu (mitihani ya kurudia) mbili tatu zikimrudisha darasani mwaka mzima, zinakula karibu kila kitu.

Akidisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) au kuacha baada ya miaka miwili, amepoteza kama 328 kwa kipimo hichohicho, na waajiri wengi hawamlipi nusu ya pengo kwa nusu ya shahada. Wachumi wamelithibitisha hili mara nyingi: mwaka wa mwisho, ule wa cheti, unaongeza mshahara kuliko miaka iliyotangulia. Michael Spence alieleza sababu mojawapo mwaka 1973, na mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopewa Nobeli ya uchumi: shahada ni ishara kwa mwajiri asiyeweza kuona uwezo wa mtu kwa macho. Ishara nusu haisomeki.

Sasa changanya. Uwezekano wa kumaliza ukiwa 70%, mapato ya kutarajiwa ni 601 na gharama 536. Ukiwa 60%, ni 515 kwa 506, yaani karibu sawa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mshahara, ulizia chuo hicho: kati ya walioanza kozi hii, wangapi walimaliza ndani ya miaka minne? Kitengo cha taaluma kinazo takwimu hizo. Kikikataa kuzitoa, hesabu kwa 60%.

RibaNaMuda amejibu:

Nigusie mkopo tu. Akikopa karo yote, 60 kila mwanzo wa mwaka kwa riba ya 6%, na riba ikaanza kupanda tangu siku ya kwanza, deni siku ya kuhitimu si 240, ni 278. Akilipa kwa miaka 10, ni karibu 38 kwa mwaka, jumla 378. Pengo lake lote ni 50! Kwa miaka kumi mhitimu huyu anamzidi asiye na shahada kwa 12 tu kila mwaka, na robo ya mshahara wake inaenda kwenye deni. Akinyoosha hadi miaka 20, analipa karibu 24 kwa mwaka na jumla inafika 485, zaidi ya mara mbili ya karo.

Kipimo cha haraka kinachotumika sana: deni lote lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza. Huyu ana deni la 278 kwa mshahara wa 150, karibu mara mbili. Kwa kozi ya namna hii nisingemshauri mtu akope yote.

Kabla ya kusaini ulizeni mambo manne: riba inaanza lini, masomoni au baada ya kuhitimu? Kuna muda gani wa neema, yaani wa kutodaiwa baada ya kuhitimu? Makato ni kiasi kisichobadilika au asilimia ya mshahara? Na asipopata kazi, faini inapanda? Mkopo unaokatwa kwa asilimia ya kipato ni salama zaidi hata riba yake ikiwa juu kidogo, kwa sababu mwaka asio na kazi haumtumbukizi kwenye faini.

MpimaNjia ameongeza:

Asanteni sana, sasa naona kitu. Maswali mawili yaliyobaki: mishahara halisi ya wahitimu naipata wapi, maana chuo kinataja wale waliofanikiwa tu? Na kuna njia ya kupunguza gharama bila kuiacha shahada?

MizaniSawa amejibu:

Usiulize wastani, uliza mshahara wa mtu wa katikati ukiwapanga wahitimu kutoka wa chini hadi wa juu. Wahitimu 10 wakiwa tisa wanapata 120 na mmoja 600, wastani ni 168, na hakuna hata mmoja anayepata kiasi hicho. Ripoti ya chuo ya kufuatilia wahitimu isome kwa swali moja: kati ya waliotumiwa dodoso, wangapi walijibu? Waliokosa kazi hujibu kidogo, kwa hiyo takwimu inapendeza kuliko hali ilivyo. Njia nzuri zaidi ni kuchukua orodha ya mahafali ya miaka mitatu au mitano nyuma, kuchagua majina 15 kwa kuruka idadi sawa, na kuwatafuta kwenye LinkedIn. Angalia wangapi wako kwenye kazi inayodai shahada. Mhitimu aliye kwenye kazi isiyoidai kwa kawaida hana pengo la 50.

Tenganisha pia kozi za leseni. Udaktari, ufamasia, uwakili: bila cheti hakuna kazi kabisa, kwa hiyo swali hapo ni nafasi za mafunzo ya vitendo na muda wa kusubiri usajili. Hakikisha kozi yenyewe, si chuo tu, inatambuliwa na bodi ya taaluma. Kwenye kozi isiyo na ithibati ya bodi, mtu anaweza kumaliza miaka minne na asisajiliwe.

KalamuNyekundu amejibu:

Kuhusu kupunguza gharama: kwa kuwa mshahara unaoachwa ni 340 kati ya 580, kukimbizana na punguzo la karo pekee hakufiki mbali. Njia yenye nguvu ni stashahada kwanza, aingie kazini, kisha amalizie shahada kwa masomo ya jioni au ya masafa huku analipwa. Akiwa na kazi ya 100 na kulipa 60 kwa mwaka, hata kumalizia kukimchukua miaka mitatu, gharama ya miaka hiyo ni karo tu, 180 (miaka ya stashahada ihesabu pembeni). Akiacha katikati, stashahada bado iko mkononi na mshahara haujakatika.

Kinachoharibu njia hii ni krediti, yaani masomo ya stashahada yanayohesabiwa kwenye shahada. Chuo kinasema kinapokea stashahada, kisha kinamwanzisha mwaka wa kwanza. Kabla ya kulipa ada ya maombi, omba barua inayotaja somo kwa somo yale yanayosamehewa, yenye muhuri wa msajili. Ahadi ya mdomo ya dawati la udahili isihesabiwe.